Jina Nililoshindwa Kulitaja Nairobi

Mwanangu Minza, kuna siku moja ambayo hata nikiwa naosha vyombo hunijia yote, mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha la kioo katika ubalozi mmoja jijini Nairobi, nimevaa gauni la bluu nililolipiga pasi mpaka likakakamaa, na afisa wa upande wa pili alikuwa ameniuliza swali jepesi kuliko yote niliyojiandalia. Nikashindwa kulijibu.

Naona umecheka hapo kwenye "mwanangu". Ni kweli tumepishana miaka michache tu, na watu wa Ushirombo wakituona pamoja walidhani sisi ni mtu na mdogo wake. Lakini baba yako ni kaka yangu, na kwa ukoo mimi ni shangazi yako, kwa hiyo leo niache nikae kwenye kiti cha wakubwa. Umeniomba nikutumie majibu ya usaili wa viza, kwa kuwa na wewe sasa mumeo yuko mbali na faili lako limefika Nairobi. Nilianza kuyaandika, nikafuta. Nikaanza upya, nikafuta tena. Unanijua, sentensi ikipinda kidogo tu naanza kutokwa jasho. Mwisho nimeona heri nikusimulie.

Wakati ule nilikuwa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na kile kibanda changu cha steshenari kilichobanwa kati ya duka la vipuri vya pikipiki na mama muuza chapati. Nikifumba macho nakisikia hadi harufu yake, wino wa printa uliochanganyika na vumbi na mafuta ya kukaangia. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kubonyeza na kuharibu, na kwa video za kwenye simu pale bando lilipokuwepo. Wachimbaji wadogo waliniletea makubaliano yao yaliyoandikwa kwa peni, karatasi imelowa jasho, wakaondoka nayo yamechapwa safi. Mmoja wao alikuwa akinitania kwamba mimi hata nikiandikiwa barua ya mapenzi nitaanza kwa kusahihisha nukta.

Basi maombi ya viza yalipofunguliwa, nilijiona nimefika kwenye uwanja wangu. Mabula, mume wangu, mzaliwa wa Songwa, alikuwa amekwenda ughaibuni kusoma, akapata kazi na kibali cha kuishi. Alirudi likizo tukafunga ndoa kanisani kwao, akaondoka tena, nami nikabaki naye kwenye simu. Kusubiri kulikuwa kurefu. Majirani waliacha kuniuliza naondoka lini, wakaanza kuulizana wao kwa wao. Mabula asingeweza kuacha kazi, maana wadogo zake walisoma kwa jasho lake, na mimi sikuona ndoa inayoishi kwenye simu itadumu hadi lini. Usaili ule ndio uliokuwa mlango wetu, na mwingine sikuuona.

Nikajiandaa kupita kiasi. Cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, cheti cha polisi, picha za harusi, vyote nilivipanga kwa vibandiko vya rangi. Majibu niliyatunga kwa Kiingereza nilichojifunza kwa masikio, nikayakariri mbele ya kioo kibandani wateja wakiwa wamekwenda kula. Mabula alinisaili kwenye simu kwa sauti nzito ya kiafisa. Aliniuliza zamu zake za kazi, chakula anachopenda, nani alikuwa msimamizi wa harusi. Nilimjibu bila kukwama, naye akasema, "Umejibu kama taarifa ya habari." Nilichukulia kwamba amenisifu.

Pale ubalozini yupo mkalimani kwa anayemhitaji. Nilipoulizwa kama namhitaji nilikataa kwa tabasamu. Afisa, kijana mwenye miwani, akanitaka nitaje jina kamili la mume wangu.

"Mabula," nikasema.

Akasubiri. Na mimi nikasubiri. Akauliza, Mabula nani?

Minza, jina la pili la Mabula ni la baba yake, kama ilivyo kwetu sote, na baba yake ni mkwe wangu. Tangu nilipoolewa jina lile halikuwahi kupita mdomoni mwangu, kama jina la babu yangu mzaa baba lisivyowahi kupita mdomoni mwa mama yangu, ambaye ni bibi yako. Unamkumbuka yule fundi baiskeli wa sokoni aliyekuwa na jina hilohilo la babu? Bibi alimwita "yule bwana wa pampu" mpaka fundi mwenyewe akazoea. Ndivyo tulivyolelewa, mke wa mtoto hamtaji mkwe. Kwenye fomu nilikuwa nimeliandika jina lile herufi kwa herufi bila shida yoyote. Benki pale Kahama nilisema "Mabula wa Songwa, tazama hapo kwenye kitambulisho", na karani, mama wa Kisukuma kama sisi, akaelewa akaendelea na kazi. Siku ya harusi mchungaji ndiye aliyelitamka. Katika kujiandaa kwangu kote sikufikiria kwamba yuko mtu atakayetaka kulisikia kwa sauti yangu.

Nikamwambia afisa kwamba jina limo kwenye cheti cha ndoa. Akasema analiona, ila anataka nilitaje mimi. Nikasema ni Mabula, mtoto wa Baba Mabula. Kijana wa watu akavua miwani, akamwita mkalimani, mama mmoja wa makamo wa Kikenya, naye akasogea karibu na kioo.

"Dada, huu si mtihani," aliniambia kwa upole. "Anataka tu jina la mzee wa bwanako."

Ulimi haukunyanyuka. Lakini sikiliza, sababu ningeweza kuisema. Ilikuwa sentensi moja tu ya Kiswahili, na mama yule angeielewa, pengine hata kwao ipo mila kama hiyo. Sikuisema kwa sababu niliona aibu. Nimependeza, naongea Kiingereza, faili langu linang'aa, halafu nianze kueleza miiko ya nyumbani kama mtu ambaye hajawahi kutoka kijijini? Nikanyamaza. Afisa aliniuliza maswali mengine machache, nikayajibu harakaharaka kama nilivyoyakariri, na hilo likazidi kuharibu, maana sasa alikuwa na mwanamke anayezijua zamu za mumewe zote ila jina lake halijui. Akanipa karatasi iliyosema maombi yangu hayajakataliwa wala hayajakubaliwa, na kwamba nilete ushahidi zaidi kuwa ndoa hii ni ya kweli.

Nilimpigia Mabula nikiwa nimesimama kando ya barabara. Alicheka kwanza, akidhani namtania. Alipojua ni kweli akaacha kucheka.

"Kwa hiyo umewaambia hunijui," akasema. Halafu akasema zamu yake inaanza, akakata simu.

Safari ya kurudi sikumbuki sana, zaidi ya kwamba pale mpakani Sirari nilinunua ndizi nikashindwa kuzila. Sikwenda Kakola. Nilishukia Shinyanga na kutoka hapo nikaenda Songwa, kwa wakwe, kwa kuwa taarifa ile nisingeweza kuitoa kwa simu. Nilimkuta mama mkwe, tuliyezoea kumwita Mayu, amekaa uani anakata viazi vitamu vya michembe, vile vya kukaushwa juani. Nikamwamkia, nikachukua kisu nikakaa naye, nikamweleza yote huku nakata. Siku hizi, mvua ya barafu ikipiga dirishani huku ughaibuni, ni ule ua ninaoutamani kuliko kitu chochote, vipande vyeupe vya viazi vimeanikwa juani, na Mayu anacheka kwa mabega bila kutoa sauti.

"Yaani umekwenda mpaka Nairobi," akasema, "ukamheshimu mzee huyu mwenye suruali iliyotoboka?"

Baba mkwe, mstaafu wa mgodi wa almasi, alikuwa nyuma ya nyumba anaziba pancha ya baiskeli yake. Mayu akamfikishia habari. Baada ya kitambo akaniita, nikakaa kwenye kigoda mbali kidogo kama inavyotakiwa, macho chini.

"Ng'wanone," aliniita, maana yake mwanangu, "wale watu walijua kwamba unaniheshimu?"

Nikasema hapana.

"Walijua nini?"

Nikasema walijua nimenyamaza.

Akaendelea kusugua mpira kwa msasa. Hakuinua sauti, na mimi nilitamani aiinue. "Basi umeniheshimu mimi niliye huku, nisiyesikia," alisema, "ukamtia mashakani Mabula mbele ya watu wanaosikia. Kutonitaja si kosa lako. Ungewaambia tu, kwetu mke wa mtoto hamtaji mkwe. Wakicheka, wacheke. Lakini wewe ulitaka waone mtu asiye na kasoro. Mtu wa hivyo hayupo, ndiyo maana hawakukuona."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, vingi nikivitafuta mwenyewe kwa kuhangaika. Sijakutana na aliyenisoma mimi hivyo.

Halafu akamwambia Mayu akamkamate yule mbuzi jike mweusi. Katika nyumba ile, mkwe akikupa mnyama mbele ya shahidi anakuwa amekufungua mdomo, na panapolazimu unaweza kumtaja bila lawama. Mayu akasimama kuwa shahidi, kamba ya mbuzi mkononi, akanitaka nilitaje jina palepale. Mara ya kwanza nilinong'ona. Mayu akasema hata mbuzi hajasikia. Nikajaribu tena, nikaishia silabi ya kwanza. Niliporudia likatoka kwa nguvu mno, hata jirani wa ng'ambo ya ua akaitikia akidhani mzee anaitwa na mgeni. Mzee alicheka mpaka akashika tandiko la baiskeli asianguke. Mimi nililia, na sikujua nalia kwa aibu au kwa nafuu. Nikasema wabeja, asante kwa lugha yetu, nikapokea kamba ya mbuzi.

Mabula alipigiwa simu na baba yake jioni ileile. Sikuambiwa walizungumza nini. Aliponipigia mimi, swali lake la kwanza lilikuwa mbuzi ni wa nani sasa, wangu au wetu. Nikajua amenisamehe.

Tuliongeza kwenye faili picha tulizopiga siku ile, ambazo zamani nisingekubali mtu azione, mimi na macho yaliyovimba, Mayu na maganda ya viazi miguuni, mzee na pampu yake, na yule mbuzi. Tukasubiri tena, na nilipoitwa mara ya pili nilimkuta afisa mwingine, mwanamke. Safari hii niliomba mkalimani. Kabla sijaulizwa chochote nikasema kwa Kiswahili kwamba mara iliyopita nilinyamaza, na sababu ni hii. Nikaeleza mwiko wetu, nikaeleza aibu yangu, nikaeleza mbuzi. Akaniuliza kama sasa naweza kulitaja. Nikalitaja, taratibu, na macho yakainama yenyewe. Akapekua zile picha, akauliza mbuzi ni yupi, wakati kwenye picha alikuwepo mbuzi mmoja tu. Nikamwonyesha. Akatabasamu, akaniambia nimekubaliwa.

Mzee bado yupo, namshukuru Mungu. Nikipiga simu nasema "Shikamoo Baba", anaitikia "Marahaba ng'wanone", ananieleza habari za dengu na mvua. Jina lake sijalitaja tena, maana hapajakuwa na ulazima. Utaona hata humu sijaliandika.

Sasa, mwanangu, mashauri uliyoyataka ni haya. Makaratasi yapange, hilo silipunguzi hata kidogo. Hakiki tarehe, hakiki herufi za majina, cheti cha polisi kisiwe kimepitwa na muda, vipimo vya afya fanya mapema. Lakini majibu usiyakariri, na nisamehe kwa kutokukutumia. Omba mkalimani bila kuona haya, mambo ya nyumba yako yaseme kwa lugha unayoyaishi. Usilolijua sema hulijui. Na likiwepo jambo ambalo mdomo wako hauwezi kulisema, sema kwa nini hauwezi, kwa maneno machache ya kweli, hata kama yatakufanya uonekane mshamba. Mimi nilidhani ni afadhali nionekane mwongo kuliko mshamba, na sikujua kwamba nimechagua hivyo mpaka mzee mmoja aliponiambia huku anaziba pancha.

Na kabla ya kwenda Nairobi, pita kwa wakwe zako ukawaage.

Mungu akutangulie barabarani, akupe afisa mwenye subira na moyo usioogopa kuonekana ulivyo. Na siku utakapotoka kwenye ndege ukiwa umechoka na nywele zimevurugika, mumeo akukute ni wewe yuleyule aliyemwoa.