Nilimwambia Mkubwa Wangu Mshipa Uko Sawa

Admin, usiweke jina langu wala la hospitali, huku Nakuru watu wanajuana.

Niko na miaka thelathini na tatu. Mimi ni daktari, bado nasomea upasuaji wa moyo. Nimelelewa Gilgil na mama peke yake. Jirani yetu, mzee mmoja seremala, ndiye alikuwa anakuja shuleni siku ya wazazi. Walimu walidhani ni baba yangu, na yeye hakuwahi kuwakatalia.

Mwaka jana mishipa ya moyo wake iliziba. Ilibidi tutoe mshipa kwa mkono wake tuushone kwa moyo, ili damu ipate njia nyingine. Mzee mwenyewe aliomba niwe ndani. "Mtoto wangu akiwa hapo, sitaogopa," alisema.

Kazi yangu ilikuwa kutoa huo mshipa wa mkono. Una matawi madogo madogo yanayovuja damu. Tuko na kifaa cha umeme cha kuyachoma ili damu ikome, lakini ule moto ukifikia mshipa wenyewe unaweza kuuharibu, na baadaye uzibe. Mkubwa wangu, daktari aliyeongoza upasuaji, alikuwa ameniambia wazi, "Karibu na mshipa bana tawi kwa klipu. Usichome."

Tawi moja likavuja sana. Nikashikwa na haraka, nikachoma. Nikaona ukuta wa mshipa umegeuka mweupe, mahali padogo tu kama mbegu ya nyanya.

Mkubwa akauliza, "Uko sawa huo?"

Nikajibu, "Uko sawa, daktari."

Ukashonwa. Mzee akapona, akarudi kwa randa yake, akimwambia kila mtu mimi ndiye nilimtengeneza. Nilikuwa nacheka naye, kisha nabadilisha hadithi. Baada ya miezi, kifua kikaanza kumuuma tena. Picha ya moyo ikaonyesha ule mshipa wa mkono umeziba. Mkubwa aliniambia inaweza kutokea hata kama umetolewa vizuri. Labda ni kweli. Lakini yeye hajui nilichokiona, na mimi nilinyamaza mara ya pili.

Mzee alifariki wiki iliyopita, kabla hatujamrudisha kwa upasuaji.

Nilienda kuona familia yake. Mkewe alinishika mikono yote miwili akilia: "Ni mimi nimemuua, daktari. Mlikataza mafuta, lakini akiomba chapati nilikuwa namkaangia. Nyinyi mlifanya kazi yenu, mimi nikaiharibu." Nikamwambia tu, "Mama, sio wewe." Akatikisa kichwa, hakuniamini.

Jumamosi tunamzika. Familia imeniomba nisimame niseme neno kwa niaba ya madaktari waliomtibu.

Nikisema ukweli, naweza kupoteza kazi, na pengine nitamuumiza mama zaidi. Nikinyamaza, atabeba hiyo hatia ya chapati mpaka azikwe nayo. Wenye mmewahi kufiwa hivi, niambieni bila kunionea huruma: mngetaka kujua?