Mwalimu wa Chumba cha Nyuma

Juzi binti yangu aliniuliza maana ya neno la Kiingereza, keep. Nikamwambia tungekuwa na kuku ningemwonyesha. Alinicheka, akadhani uzee umeanza. Wewe rafiki yangu usinicheke bado. Kaa nikusimulie tulivyofundishwa neno hilo mtaani Saio, pale Bunia, siku zile nchi bado inaitwa Zaire na lupango letu, uwanja wa nyumba yetu, linanuka samaki wa ziwani Kasenyi tangu asubuhi.

Aliyetufundisha alikuwa mwalimu, mwanamke aliyekimbia vita Uganda. Baba alimpa chumba cha nyuma, naye, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutupa, akatupa Kiingereza. Hakuwa na ubao wala chaki. Alichukua neno moja akalizungusha lupango zima huku tukifanya kazi, na hakuliacha mpaka matumizi yake yaishe. Keep ilikaa nasi kuliko yote. Tukifunika makaa kwa majivu ili moto ulale salama, keep. Tukifungia kuku jioni, keep, maana tunawafuga. Maharage ya mbegu tuliyoweka kando, keep. Mdogo wangu akipiga kelele, keep ya kunyamaza. Nami nikichoka kutwanga majani ya muhogo ya sombe, keep ya kuendelea. Nilimwambia mwalimu kwamba Waingereza wamelionea neno hili, wamelitwisha kazi zote peke yake. Alicheka mpaka akaketi chini.

Tate, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuja kusikiliza kila jioni na ungo wake wa maharage. Hakutamka hata neno moja. Alisema meno yamembakia machache, Kiingereza kitapita katikati kidondoke.

Kisha baba akapata habari kwamba mdogo wake anatoka Butembo kuja kuanza biashara, na atahitaji chumba. Tulikuwa tunakula bugali aliposema mwalimu atafute pengine. Mwalimu alinawa mikono, akashukuru, akaenda kufunga nguo zake. Hakuwa na mtu mwingine mjini, na sote tulijua. Nililia palepale mbele ya chakula.

"Ataenda wapi?" tate akauliza.

"Mama, mutoto yako anakuja. Atalala wapi?"

"Mutoto yangu atalala mu chumba ya nyuma. Huyu atalala na miye."

"Chumba yako iko kidogo, mama."

"Na miye niko kidogo."

Tate akaenda kumnyang'anya mwalimu kifurushi, akakipeleka chumbani kwake. Kesho yake baba alichonga kitanda cha pili, kikaingia kwa taabu, na tangu hapo mlango ule haukufunguka wote. Tuliingia kwa ubavu. Asubuhi nilipenda kuwasikiliza wale wawili wakizungumza, huyu Kiswahili cha kwetu, yule cha Uganda, wakibishana kuhusu chumvi na mvua.

Uganda ilipotulia, mwalimu alirudi kwao. Hatukupata habari zake tena. Vita vya baadaye vilichukua nyumba ile, kuku, hata ua wa miti tuliouzoea, na siku nyingine hamu ya lupango lile hunijia.

Lakini kabla ya vita hivyo, mwalimu alipoondoka tu, baba alitaka kutoa kitanda chake ili tate apate nafasi. Tate alikataa. Kila Jumamosi alikitandika shuka safi, na mtoto aliyethubutu kukikalia alifukuzwa.

"Iko na mwenyewe," alituambia, mpaka mwaka tuliomzika.