Ankara za Jasi

Mdogo wa mume wangu alirudi Same na basi la mchana, amepakata kompyuta iliyofungwa kwenye blanketi. Alikuwa karani katika shirika moja la umma Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ile ambayo mashirika yalikuwa yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini, naye jina lake likabandikwa kwenye ubao wa waliopunguzwa. Sehemu ya kiinua mgongo chake alinunulia kompyuta iliyokuwa mezani kwake, pamoja na printa yake, kwa kuwa vitu vya ofisi vilikuwa vinauzwa kwa wafanyakazi kwa bei ya kutupa.

Mama mkwe alifunua blanketi, akatazama, akalifunika tena.

"Wenzako wanarudi na mabati," akasema. "Wewe umeniletea televisheni isiyo na picha."

Shemeji aliipakata tena kompyuta yake. Tulimpa chumba cha nyuma ya duka letu, karibu na barabara kuu, akaiweka kompyuta juu ya meza ya kukatia nguo. Wiki za mwanzo alikuwa hatoki. Nikimpelekea chai namkuta anaandika barua za kuomba kazi. Nilimwonea huruma.

Mimi na mume wangu wakati huo tulikuwa tunauza jasi ya Makanya, yale mawe meupe yanayochimbwa ardhini na kusagwa kiwandani kutengenezea saruji. Miaka ya nyuma, ya foleni za sabuni na sukari, mtu binafsi kama sisi asingeweza hata kuota biashara hiyo. Milango ya biashara ilipofunguliwa tuliingia nasi, tukapata kiwanda kimoja upande wa pwani kinachochukua mzigo wetu. Mume wangu alisimamia wachimbaji na lori. Mimi nilishika duka na makaratasi.

Hayo makaratasi ndiyo yalinizeesha. Kiwanda kilitaka kila mzigo uje na ankara iliyochapwa kwa mashine, yenye namba inayofuatana na ile iliyopita. Ya kuandika kwa mkono walikuwa hawapokei. Kwa hiyo kila lori lilipojaa nilipanda basi kwenda Moshi, kwa bwana mmoja aliyekuwa na kompyuta mjini. Kila kitu chetu kilikuwa ndani ya mashine yake: anwani za wateja, namba za ankara, bei. Nilikaa kwenye benchi lake nikisubiri amalize kadi za harusi za watu. Akikosea neno, narudi tena.

Siku moja shemeji alinisikia nikilalamika.

"Shemeji," akaniuliza, "hiyo ankara ina nini na nini?"

Nikamweleza. Akachukua moja ya zamani, akaingia nayo chumbani. Kuanzia hapo barua za kuomba kazi zilipungua. Kila siku alikuwa na swali: mteja mmoja anaweza kuwa na bei yake peke yake? Namba ianzie wapi? Mzigo ukirudishwa mnaandikaje? Alikuwa anatengeneza programu ya ankara, na alinionyesha kioo kinachouliza kwa Kiswahili, "Jina la mteja?", halafu "Uzito wa mzigo?" Nilifurahi kama mtoto. Mume wangu ndiye aliyekataa.

"Kiwanda hakitaki majaribio," alisema. "Moshi wameshatuzoea. Tusiharibu."

Nami niliendelea kwenda Moshi, kwa sababu niliogopa vilevile.

Basi ikatokea wiki ambayo mvua zilikuwa zinakaribia. Mzigo ulikuwa umetangulia pwani na mume wangu, mimi nichukue ankara Moshi, nimfuate. Nilipofika kwa yule bwana nilikuta kufuli. Mama aliyekuwa akiuza vitambaa mlango wa pili aliniambia, "Amehama, dada. Amebeba kila kitu. Hata kodi ya mwezi huu hakumlipa mwenye nyumba."

"Amehamia wapi?"

"Nani ajuaye?"

Nilishuka Same macho yamevimba. Kabla sijavua viatu, jirani mwenye simu akaja kunieleza kwamba mume wangu amepiga: lori liko nje ya geti la kiwanda, haliruhusiwi kuingia bila ankara, turubai limechanika, na kule mawingu yameshatanda. Jasi ikilowa haipokelewi.

Nilikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Sikumsalimu hata shemeji.

"Iwashe," nikamwambia.

Akaiwasha. Nilimsomea kutoka kwenye nakala zetu za zamani na daftari la mizigo, naye akaingiza: jina la kiwanda, anwani, namba inayofuata, uzito, bei. Alipofika mwisho tu, umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi. Nilikaa sakafuni nikashika kichwa.

"Shemeji, usilie," akasema. "Nimeshahifadhi kwenye disketi. Umeme ukirudi tu, tunachapa."

Tulisubiri mchana ule wote. Mama mkwe alikuja akasimama mlangoni, akatuangalia, akaondoka, akarudi na vikombe vya uji. Hakusema neno juu ya televisheni. Jua likiwa linaelekea milimani, taa ya dukani ikawaka. Printa ikaanza kupiga kelele kama msumeno, karatasi yenye matundu pembeni ikapanda polepole, na juu yake nikasoma jina la biashara yetu. Kilichotoka hapo hakikupitia mikononi mwa mtu mwingine yeyote.

Asubuhi nilipanda basi la kwanza kwenda pwani, ankara nimeilaza ndani ya bahasha ngumu isikunjike. Getini nilimkuta mume wangu ameshika ncha ya turubai, uso umejaa vumbi jeupe. Tuliingia pamoja kwa karani wa mapokezi. Akaisoma juu mpaka chini, akalinganisha namba na ya mzigo uliopita, akanitazama.

"Mama, mmebadilisha mchapaji?"

Mume wangu alikohoa. Nikajibu, "Ndiyo. Sasa tunachapa wenyewe, nyumbani."

"Hii inasomeka vizuri zaidi," akasema, akagonga muhuri.

Lori liliingia ndani ya banda, mvua ikaanza kunyesha tukiwa tumesimama chini ya paa. Mume wangu alicheka mpaka akainama. Sijui nilikuwa na muda gani sijamsikia akicheka vile.

Baadaye walikuja wengine: wauza mpunga wa Kihurio, mwenye mashine ya kusaga wa kijiji cha Bendera. Shemeji aliwatengenezea programu zao, ila alikataa katakata kukaa na kumbukumbu zao. Kila mtu aliondoka na disketi yake mkononi, na aliyeweza kununua kompyuta aliwekewa dukani kwake. "Nisije nikahama nazo," alikuwa anasema.

Mimi, siku ile tuliporudi kutoka pwani, nilichemsha makande, nikala nikashiba, nikalala mchana kweupe. Duka lilikuwa limefungwa, na hakuna aliyeniamsha.