Mvumbasi Kwenye Gunia la Mama

Nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja pale Nyegezi, na kazi yangu ilikuwa kuua fukusi. Tulichemsha majani ya mvumbasi, tukakusanya mafuta yaliyotoka na mvuke, tukayadondosha kwenye pamba na kuifungia chupani pamoja na mahindi yenye fukusi. Asubuhi nilihesabu waliokufa. Walikufa vizuri sana, nami nikaanza kujiona mtaalamu.

Mama yangu, kule Misungwi, alikuwa na magunia manne ya mahindi na fukusi wake wa kila mwaka. Yeye alitandika majani makavu ya mvumbasi kati ya gunia na gunia, kama alivyofanya bibi. Nilimwambia hayo ni mambo ya kizamani, nikampelekea chupa ya mafuta. Maelekezo yalitaka matone machache. Mimi, kwa kuwa magunia yalikuwa ya mama, nilimimina kwa kifuniko. Wiki mbili baadaye alinipigia kusema hakuna hata mmoja anayetembea. Nilifurahi kuliko siku niliyopata cheti.

Mwezi huohuo wakaja wageni wa posa yangu: mshenga, baba mdogo wa mchumba wangu, na shangazi yake. Mama alifungua gunia asubuhi ileile, akapeleka mahindi mashineni, akapika ugali na sato. Kwamba yalipaswa kuanikwa kwanza siku kadhaa, sikumwambia, maana hata mimi sikujua. Maabara tulihesabu wadudu tu; hakuna aliyewahi kupika ugali.

Nilipofunua hotpoti, sebule nzima ilinuka dawa ya kuchua. Mshenga akakohoa. Shangazi akamega tonge, akalinusa, akaliweka ukingoni mwa sahani. Hakuna aliyetamka limbwata, ile dawa ambayo wanawake husemwa wanawatilia wanaume chakulani ili wasiondoke, lakini kila mtu mezani alikuwa akiiwaza. Mwolewaji ni mimi, aliyewanawisha mikono ni mimi, na ugali unanuka dawa. Hata mimi ningejishuku.

Nikaanza kueleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoharibu, maana kila sentensi ilikuwa na "dawa" na "niliweka".

Mama akanyoosha mkono, akachukua lile tonge la shangazi, akalila. Akamega jingine, na jingine, bila haraka, huku akiwatazama wageni.

"Tumeshiba, mama," shangazi akasema. Alikuwa hajala kitu.

Walikunywa soda, wakaaga kwa heshima, wakasema watatuma jibu. Jibu lilikuja kwa simu ya mshenga: kijana bado anajipanga. Nililia, wala sikujificha.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Mahindi aliyaanika juani. Harufu ikapungua, haikuisha. Hakuyauza wala hakumgawia jirani. Kila nilipokwenda Misungwi nilikuta ugali uleule, tukala wote wawili, na baadaye nilimwona akisukutua mdomo nyuma ya nyumba. Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia nitamnunulia unga mwingine, huu tuumwage.

"Tukiumwaga," akasema, "watasema ilikuwa kweli."

Akaumaliza mpaka gunia la mwisho.