Mwenzi wa Nyota ya Buluu

Mama alipopatwa na kiharusi, nilihama Nairobi nikarudi nyumbani Mitaboni. Nilipata kazi ya kufundisha fizikia katika shule ya wasichana iliyo karibu, na masomo yangu ya uzamifu nikayabeba pamoja na nguo. Watu walidhani nimeyaacha. Kuna wiki nilizotamani ingekuwa kweli.

Asubuhi nilimwosha mama na kumnywesha uji kabla ya kwenda darasani. Jioni nilimpikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikiuacha mekoni mpaka ulainike kabisa, kwa sababu upande mmoja wa mdomo wake haukuwa ukitafuna vizuri. Jumamosi mchana, jirani alipokuja kukaa naye, ndipo nilipofungua kompyuta kwenye meza ya kulia nikarudi kwa nyota zangu.

Nasema zangu, lakini sikuwahi kuziona kwa macho. Darubini kubwa iliyo mbali sana na hapa ilikuwa imekusanya mwanga wake kwa miaka, ikiuchambua kuwa upinde wa rangi wenye mistari myembamba ya giza. Nyota kubwa aghalabu haziishi peke yake; huzungukana mbili mbili. Nyota inapotujia, mistari yake husogea kidogo upande wa buluu. Inapotuondokea, husogea upande wa nyekundu. Kazi yangu ilikuwa kutafuta zile zinazoyumba hivyo ilhali mwenzake haonekani. Kitu kizito kikiivuta nyota huku na huku, nacho hakitoi mwanga wowote, huenda ni shimo jeusi: mabaki ya nyota iliyokufa, ambamo hata mwanga hauwezi kutoka.

Nyingi zilikuwa bure. Kisha nikafika kwa nyota moja ya buluu, kubwa kuliko jua letu mara nyingi, ambayo mistari yake ilikwenda na kurudi kwa mpangilio usiokosea. Nilipiga hesabu ya uzito wa mwenzake. Nikairudia, nikiamini nimekosea mahali. Mwenzake alikuwa mzito mno. Nyota ya kawaida yenye uzito ule ingepaswa kung'aa, na mimi sikuona kitu.

Nilimpigia simu profesa wangu. Akasema, "Usimwambie mtu bado."

Lakini mama alikuwa amenisikia nikicheka peke yangu mezani, na kicheko kilikuwa kimeadimika katika nyumba ile.

"Umepata nini, mwana wakwa?" aliniuliza, akiniita mwanawe kwa Kikamba.

"Labda nimepata shimo jeusi, mama. Labda."

Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno mengi, lakini hilo alilishika. Kina mama wa kanisa walipokuja kumwombea, aliwaambia. Nao wakawaambia wengine. Siku ya wazazi shuleni, mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya watu akatangaza kwamba mwalimu wao amegundua shimo jeusi angani. Watu wakapiga makofi, mzee mmoja akauliza kama litatufikia huku. Nilishika kipaza sauti nikasema ni jambo linalowezekana tu, bado tunachunguza. Nadhani neno "linalowezekana" lilimezwa na vigelegele. Niliketi nikijisikia kama niliyevishwa koti la mtu mwingine.

Uchunguzi uliobaki ulikuwa mrefu na wa kuchosha. Ilibidi nijiulize kila njia ambayo nyota ile ingeweza kunidanganya. Huenda si nzito kama nilivyodhani. Huenda mwenzake ni nyota ya kweli, ila mwanga wake umefunikwa na mwanga mkali wa ile ya kwanza. Kuna njia ya kuzitenganisha nuru mbili zilizochanganyika: unachukua vipimo vyote vya miaka ile, unaondoa kinachoyumba na nyota unayoijua, halafu unatazama kama kuna kitu kilichobaki kinachoyumba kinyume chake. Nilifanya kazi hiyo muhula mzima, kati ya kusahihisha mitihani na kumpeleka mama kunyooshwa viungo hospitalini Machakos. Mara nyingine nilisinzia huku kompyuta ikiendelea kukokotoa.

Matokeo yalikuja Jumamosi moja asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Palikuwa na kitu. Mistari mipana, hafifu, iliyolala kama shuka lililonyooshwa kitandani. Nilijua maana yake kabla sijakubali: nyota ya pili, inayojizungusha kwa kasi kubwa hadi mistari yake ikasambaa na kupotea ndani ya mwanga wa mwenzake. Ilikuwa nyota. Ilikuwa nyota siku zote.

Sikulia. Nilikwenda nikamimina chai, nikainywa yote nikiwa nimesimama, ndipo nikampigia profesa.

"Una hakika?" akauliza.

"Ndiyo, Prof. Nimejaribu kuiondoa, haiondoki."

"Basi afadhali umeiona wewe, kabla ya mtu mwingine kuiona baada ya sisi kuchapisha."

"Najua."

"Sauti yako imechoka."

"Nimechoka, Prof."

Hakunipa mawaidha. Aliniambia nipumzike kidogo, halafu niandike jinsi nyota ile ilivyotuficha mwenzake, maana wengine wangekutana na hila iyo hiyo.

Kumwambia mama kulikuwa kugumu zaidi. Alikuwa ameketi uani akiota jua, mkono wake mzima umeushika ule mwingine.

"Mama, lile shimo si shimo. Ni nyota nyingine."

Akaniuliza, "Kwani iliingia lini?"

"Ilikuwa hapo tangu mwanzo. Sikuwa nimeiona."

"Na wale wa kanisa nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli."

"Aah." Akageuza uso upande wa migomba. "Mimi siwaambii. Watasahau wenyewe."

Nikacheka, naye akacheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa mzima. Kisha akasema anataka kurudi ndani.

Wanafunzi wangu ndio niliowaeleza kila kitu, nikawachorea ubaoni nyota mbili na mistari yake. Msichana mmoja wa dawati la mbele aliuliza, "Kwa hivyo mwalimu, unaanza tena?" Nikamwambia ndiyo. Darasa zima likanihurumia kwa sauti moja, kama wanavyofanya mtu akitangaziwa adhabu.

Nilianza tena. Tasnifu yangu ilipokamilika, sura yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya nyota ile ya buluu. Kati ya nyota zilizobaki, moja tu bado haijaondolewa kwenye orodha yangu. Nimeipima kwa kila njia ninayoijua na mwenzake haonekani. Nimeandika kwamba huenda ni shimo jeusi, na neno "huenda" sikuruhusu mtu alifute. Wenye darubini kubwa zaidi wataitazama. Mimi nimefanya sehemu yangu.

Siku niliyoituma tasnifu ilikuwa likizo. Jirani alikuwa amekwenda sokoni, na nyumba ilikuwa kimya. Niliingia chumbani kwa mama kumpa dawa ya mchana. Nikaketi ukingoni mwa kitanda chake.

"Lala kidogo," akasema.

"Nguo ziko nje, mama. Na mvua inakuja."

"Wacha zinyeshewe."

Akajivuta taratibu mpaka ukutani, akiuburuta ule mguu mzito, akaniachia nafasi. Nikavua viatu, nikalala.