Kadi Mbili, Jina Moja

Mdogo wangu wa mwisho hospitalini wanamwita Profesa, na jina hilo halimkeri hata kidogo. Ndiye anayeshughulikia kompyuta zote, kuanzia mapokezi hadi stoo. Mimi nafua mashuka hukohuko, upande wa nyuma, na nikipita na toroli langu namkuta ameinamia kioo kama mtu aliyedondosha sindano. Ni kijana mtulivu, sala hazimpiti. Kasoro yake ni moja: akishasema, amesema.

Pale stoo alifunga kisomeo cha kadi, kifaa kinachomtambua mfanyakazi akikigusa kwa kadi yake. Waliokitengeneza walileta pamoja nacho kitu wanachokiita maktaba, ingawa hakina kitabu hata kimoja. Ni furushi la maagizo yaliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Huwezi kulifungua ukasoma. Unaliita tu kwa jina la kazi unayoitaka, nalo linakujibu. Profesa aliandika programu yake kwa lugha nyepesi, na programu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiiuliza maktaba: nani amegusa kadi? Maktaba inatoa jina, programu inaliandika. Mwaka mzima haikukosea.

Kisha katibu wa hospitali akaamuru vipima presha vipya visitoke stoo bila kadi mbili. Anayechukua aguse kwanza, halafu mtunza stoo aguse kuthibitisha. Profesa akaongeza mistari michache kwenye programu, akasema kazi imekwisha.

Mwezi ulipoisha, vipima presha viwili havikuonekana, na taarifa ya kompyuta ikasema kila kilichotoka kimechukuliwa na mtunza stoo, na kuthibitishwa na mtunza stoo huyohuyo. Muuguzi mmoja alipoulizwa alisema nadhani niligusa, sina hakika. Mwingine alikuwa likizo. Katibu akamuuliza Profesa mbele ya wakuu wa wodi kama programu inaweza kukosea.

"Mashine haina undugu na mtu," akajibu. "Asiyegusa, haimwandiki."

Mtunza stoo akaambiwa akakae nyumbani, asubiri kuitwa. Neno mwizi hakulitaja yeyote mle ofisini, lakini hadi mchana lilikuwa limefika kwetu kwenye mabeseni.

Mtunza stoo huyo ni mama tunayesali naye safu moja. Jumamosi alikuja nyumbani, akakaa kwenye ncha ya kiti, maji niliyompa hakuyagusa.

"Mdogo wangu," alimwambia Profesa, "sikuja kugombana. Wauguzi waligusa, kisha nami nikagusa. Niliwaona."

"Dada, mtu anasahau. Kompyuta haisahau."

"Nimesahau mara zote hizo? Mimi nimezeeka hivyo?"

"Sikusema umezeeka, dada."

"Umesema nini basi? Binti yangu hataki kwenda shule. Wenzake wanamuuliza mama yako ameficha wapi vitu vya wagonjwa."

Profesa aligeuzageuza simu mkononi. "Sawa. Jumatatu njoo stoo. Nitagusa mimi, utagusa wewe, katibu akiwepo. Uone mwenyewe."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, kwa sababu ulikuwa wa mtu anayembembeleza mwongo. Nilimsindikiza mgeni hadi barabarani. Nikamwambia nitakuombea, na maneno yakanitoka mepesi kama povu la sabuni.

Jumatatu nilikuwepo na toroli langu. Profesa aligusa kwa kadi yake, kisomeo kikalia. Mtunza stoo akagusa yake, kikalia. Katibu akasogea kwenye kioo, akasoma kwa sauti. Mchukuaji: mtunza stoo. Mthibitishaji: mtunza stoo.

Muuguzi mmoja kati ya waliokuja kushuhudia akapasuka kwa kicheko. "He! Profesa amekuwa mtunza stoo! Gauni la bluu la stoo utavaa lini?"

"Tena amechukua na kujithibitishia mwenyewe," mwingine akadakia. "Mshikeni huyo!"

Profesa alirudia. Jibu likawa lilelile. Shingo ikamlowa jasho. "Ni maktaba," akasema. "Waliotengeneza kisomeo wametuletea kitu kibovu."

Katibu alisema atawaandikia barua kali siku hiyohiyo. Akamwambia mtunza stoo arudi kazini, kwa sauti ya mtu anayerudisha kiti alichoazima. Vile vipima presha viwili navyo vilipatikana wodi ya wazazi, ambako muuguzi aliyekuwa likizo alikuwa amevipeleka kihalali kabisa kabla hajaondoka.

Mchana nilimpelekea Profesa chai chumbani kwake. Nilimkuta na mwongozo wa kisomeo umefunguka, uso ameufunika kwa viganja.

"Dada, maktaba si mbovu. Haikupi jina lenyewe, inakuonyesha mahali jina lilipowekwa. Ni kama ina sahani moja tu. Kila ukiiita, inapakua kwenye sahani ileile. Ilipaswa jina la kwanza nilimimine kwenye bakuli langu kabla ya kuita tena. Mimi nililiacha kwenye sahani, jina la pili likaja likalifunika. Nilipokuja kusoma yote mawili, nilikuwa natazama sahani moja."

"Na hapo wameeleza?"

"Wameeleza. Wamesema nakili kabla hujaita tena."

"Hukusoma?"

"Nilichukua mifano tu, nikaona inatosha." Akaufunga mwongozo. "Hakuna ajuaye ila wewe. Huyo mama amesharudi kazini."

Nilimpenda mdogo wangu, na saa ile nilitamani niwe nje. "Umemsingizia mmoja," nikasema. "Sasa unawasingizia na hao wa kisomeo. Unataka wawe wangapi?"

Chai aliiacha mezani. Alikwenda kwa katibu kabla barua haijatoka. Kule alikemewa mlango ukiwa wazi, na waliokuwa kwenye korido wote wakasikia. Jioni tukaenda kwa mtunza stoo. Hakutukaribisha ndani. Profesa alieleza amesimama, mikono nyuma, hakuiacha sehemu yoyote.

"Nimekusikia," mama akasema. "Lakini si mimi niliyeacha shule." Akaita, binti akatoka, mtoto wa miaka tisa hivi, akasimama nyuma ya sketi ya mama yake.

"Mama yako hakuchukua kitu," Profesa akamwambia.

"Nani alichukua?"

"Hakuna. Vilikuwa wodi nyingine."

"Nani alisema ni mama?"

Mdogo wangu alinitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Mimi."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Mtoto akafikiri. "Basi kesho njoo darasani kwetu, useme hivyohivyo."

Nilingoja mama amkataze. Hakumkataza. Profesa akauliza kengele ya asubuhi inagongwa saa ngapi.