Besi ya Baba Ndani ya Mtungi

Vikombe vyangu vya kabatini vimeanza kugongana tena. Hapo najua mjukuu wangu Neema amewasha ile spika yake mpya ya kuweka sakafuni, kubwa kama stuli, ambayo alijinyima chipsi na nguo za sikukuu mpaka akaipata. Na bado anasema haijatosha, anataka nyingine kubwa zaidi. Majirani wa hapa Kilakala, Morogoro mjini, wananung'unika, mie nacheka peke yangu. Navua kandambili, naweka nyayo sakafuni, ngurumo inanipanda mpaka magotini. Basi hapo hapo pua inaniletea harufu ya udongo mkavu wa mtungi mpya, na mie nimesharudi mlimani, mtoto mwenye pengo la meno ya mbele.

Sogeeni niwaambie. Shule sikwenda sana, kwa hiyo nitasema kama ninavyosema nikichambua maharage.

Baba yangu alikuwa mtu wa Dumila, mtu wa tambarare. Kabla hajaoa alikuwa anapiga muziki Morogoro mjini, kwenye bendi moja ya ukumbini, na chombo chake kilikuwa gitaa la besi, lile la nyuzi nene na sauti nzito. Alipomwoa mama ikabidi apande Uluguru, maana kwa sisi Waluguru shamba ni la upande wa mama, mwanaume anakuja kukaa ukweni. Gitaa lilikuwa mali ya bendi, likabaki. Yeye akaja na suti nyeusi, viatu vilivyochongoka mbele, na redio ya betri.

Ukweni nani aliyekuwa na habari na muziki wake? Walichokiona ni mwanaume asiyejua kulima mteremko. Akishika jembe, yeye na udongo wote wanateremka bondeni pamoja. Aliyecheka kuliko wote ni Mjomba Aloisi, kaka mkubwa wa mama, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho juu ya shamba letu.

Sasa ile bendi ilikuwa imerekodi wimbo mmoja, baba akiwa bado yumo. Jumamosi alasiri kulikuwa na kipindi cha salamu redioni. Mtu anatuma kadi, anataja anaowasalimu na wimbo anaoutaka, na ukiwa na bahati unapigwa. Baba alituma kadi mpaka zikakubali. Siku hiyo akaita ukoo mzima. Mjomba Aloisi akainama, akabandika sikio kwenye redio kama mganga anayemsikiliza mgonjwa kifua, mpaka wimbo ukaisha.

"Shemeji," akasema, "nimesikia tarumbeta. Nimesikia gitaa dogo. Nimesikia hata mtu anakohoa. Wewe uko wapi humo?"

"Niko chini," baba akajibu.

"Chini ya nini?"

"Chini ya wote. Hii redio haina kifua, hainitoi."

"Ahaa. Basi ulikuwa unapiga kwa kujificha, kama unavyolima."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mie sikucheka. Nilikuwa nimeshawatangazia watoto wote wa mafundisho ya komunyo kwamba baba yangu yumo redioni, na sasa hata mimi mwenyewe sikumsikia. Baba akazima redio, akaipangusa vumbi kwa kiganja, taratibu, kama anayempangusa mtoto. Akasema, "Nitatoka humo. Mtaona."

Kuanzia hapo nyumba yetu haikutulia. Kwanza aliingiza redio ndani ya debe tupu. Ikatoa sauti ya mtu anayegombana ndani ya choo cha bati. Kisha akashuka mjini na ile suti na vile viatu, akarudi amevaa kaptula, amekumbatia spika moja kubwa kifuani. Fundi redio alikuwa ameitoa kwenye mashine iliyokufa, wakabadilishana. Uso wake ulikuwa wa karatasi nyeusi, mpana kama sinia. Mjomba alipopata habari akasema, "Sasa hata ushahidi ameuza. Tulikuwa tunamwamini kwa ile suti."

Fundi alikuwa amemwambia spika kubwa inataka nyumba yake, isikae uchi. Baba akawa anawaza nyumba gani. Siku moja anachota maji ya kunywa, kainama juu ya mtungi wa mama, akaguna tu, na mguno ukamrudia mnene kama wa padri kanisani. Akabaki ameinama pale, anaguna, anasikiliza, anaguna tena. Mie nikadhani tumbo linamuuma.

Akamwaga maji, akaukausha mtungi kwa kitambaa, akailaza spika kifudifudi mdomoni mwake, akaiunga waya na redio. Jamani, sauti iliyotoka ilikuwa nyingine kabisa. Hata mtangazaji wa bei za mazao alionekana amenenepa. Baba akatuma kadi tena, akaita watu tena.

Kosa lake ni lile ambalo sisi tuliokunywa kwenye mitungi tulipaswa kulijua. Mtungi uliozoea maji hauachi kutoa jasho. Wiki nzima ile karatasi ilikuwa inakunywa unyevu bila sisi kujua, ikalegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Wimbo ulipoanza, ikachanika. Tukasikia kama kuku anapapatika kwenye gunia, basi.

"Shemeji amezama kisimani," akasema Mjomba.

Nilimtazama baba nikitegemea atalia, maana mie nilikuwa karibu kulia. Yeye aliinama, akaanza kuokota vipande vya karatasi kimoja kimoja, akavipanga juu ya goti. Asubuhi yake alikoroga gundi ya unga wa muhogo, akaanza kuiziba ile spika kwa vijikaratasi vyembamba, tabaka juu ya tabaka, anaianika kivulini, anaipuliza, anarudia. Anaenda shambani kwenye karoti, akitoka kwenye karoti anarudi kwenye spika. Tumbaku aliacha, chai akawa anakunywa bila sukari, ili betri mpya zipatikane.

Mama naye akafanya lake. Alichukua majogoo yake mawili na ule mtungi wake wa maji, akaenda kubadilishana kwa mfinyanzi, akarudi na mtungi mpya kichwani, wenye tumbo kubwa, ulionuka moto wa kuchomea. Njiani wanawake wakamuuliza, "Mtungi mzuri huo, mbona hushuki nao mtoni?"

"Huu hautaonja maji," mama akasema. "Huu ni wa Baba Felista kusemea."

Felista ndiyo mimi. Na sisi tukaendelea kunywa maji ya kwenye debe, yenye ladha ya kutu, msimu mzima.

Mara ya tatu nayo kadi ikakubali. Watu safari hii walikuja kutafuta kicheko, walishaijua njia yake. Mjomba Aloisi akakaa kwenye benchi karibu kabisa na mtungi. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia huku anatabasamu tayari.

Wimbo ukaanza. Sikuusikia kwa masikio, nawaambia kweli. Ulianza kwenye benchi nililokalia, ukanipanda tumboni. Masizi yakadondoka kutoka darini. Kuku aliyekuwa anaatamia kwenye kona akatoka nje bila kuaga. Na chini ya tarumbeta, chini ya gitaa dogo, kulikuwa na mtu mzito anatembea, hana haraka, na wale wengine wote wanamfuata yeye. Nikamtazama baba. Macho kafumba, vidole vya mkono wa kushoto vinatembea juu ya paja lake, sawasawa na yule mtu.

Mjomba aliuona mkono huo. Akautazama mkono, akautazama mtungi, akarudi kwenye mkono. Wimbo ulipoisha akamgeukia baba.

"Kumbe anayetembea kule chini ndiyo wewe."

"Ndiyo mimi, shemeji."

"Sasa ukitoka wewe, hawa wengine si wanaanguka?"

"Wanaanguka wote."

Jumatatu yake Mjomba alipanda shambani kwetu na jembe, akamwonyesha baba namna ya kukata matuta ya ngazi kwenye mteremko. Kumbukeni miaka yote ile hakuwahi kumwonyesha. Alikuwa anamtazama tu anavyoteremka na udongo.

Baba alishatangulia zamani. Mama alipozeeka nilimleta hapa mjini, na siku moja namsuka nikamuuliza, "Mama, wewe mtungi ulikuwa unaupenda, na majogoo ulikuwa unayapenda. Muziki wenyewe hata hukuusogelea siku ile, ulikaa mlangoni. Ulihangaika ili usikie nini?"

Akageuza shingo kidogo mikononi mwangu. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa natua tenga langu la karoti chini ya dirisha la ule ukumbi wa bendi, nikishuka mjini kuuza, wakati wanafanya mazoezi. Nilimsikia kabla sijamwona uso. Sasa nikamleta kwa kaka zangu, wakaona mtu asiyejua jembe."

Akainamisha kichwa nimalizie msuko wa nyuma.

"Mimi nilishamsikia, Felista. Nyie ndiyo mlikuwa bado."